Historia ya Meja, Fundi wa Majipu Saba ya Jeshi

Mambo yalianza Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika banda la mabati lililo nyuma ya nyumba yetu. Nitayafikia kwa mpangilio wake, lakini naanza na saa hiyo kwa sababu nataka isikike kabla ya tarehe nyingine zote nitakazosoma, nanyi ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mnivumilie.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Meja na hamkuwahi kumjua kwa jina lingine, alizaliwa tarehe 2 Novemba 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani aliyekuwa na duka hilo. Watatu wametangulia, amebaki baba mdogo aliyeketi hapo mbele. Kadi yake ya kliniki inaonyesha tarehe 12, hayo ni makosa ya karani, cheti cha kuzaliwa nimekiona mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1965, akaendelea na shule ya ufundi kuanzia 1966 hadi 1969, ambako mwalimu wake wa darasa aliandika katika ripoti ya mwaka 1968 kwamba mwanafunzi huyu hufungua vitu vizuri sana lakini ajifunze kuomba ruhusa kwanza, kwa kuwa muhula huo alikuwa ameifungua saa ya ukutani ya ofisi ya mwalimu mkuu, akaifunga tena ikafanya kazi, ila ilibaki skrubu moja ambayo hakujua ilitoka wapi.

Tarehe 5 Januari 1970 aliajiriwa kuwa fundi mwanafunzi katika karakana ya serikali, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa injini, na alistaafu hapo tarehe 30 Juni 2006 bila kukosa kazini isipokuwa kwa homa na misiba. Ni katika karakana hiyo, mwezi Agosti 1978, yalipoletwa majipu kumi na manne ya jeshi, magari madogo ya wazi yaliyotengenezwa wakati wa vita kuu ya pili, ili yakatwe kwa gesi na kuuzwa kama vyuma chakavu, na kazi ya kukata akapewa yeye. Alikata kumi na matatu kwa siku tisa, la kumi na nne akalizunguka asubuhi nzima, akaenda kwa msimamizi wake kumwomba amuuzie. Msimamizi alicheka mpaka akakaa, akamwambia, "Chukua huo mzoga, lakini Ijumaa nisiukute hapa," naye akautoa Alhamisi, ukivutwa kwa kamba na wanaume saba, hadi kwenye ua huu tulimoketi.

Hakuwahi kuvaa sare ya jeshi hata siku moja. Jina la Meja alipewa na majirani waliompigia saluti kila alipopita na jipu lake, na mara moja mzee mmoja mstaafu wa jeshi alimsimamisha barabarani na kumuuliza kwa ukali alitumikia kikosi gani, naye akajibu, "Kikosi cha spana, afande," yule mzee akatafakari kidogo kisha akasema hakijui, huenda kiliundwa baada yake.

Kuanzia mwaka huo wa 1978 hadi mwaka huu alinunua majipu saba, akayafufua sita. Kila kipuri alichopata alikifungia kwa waya kipande cha bati chenye tarehe na mahali kilipotoka, na ni kwa vipande hivyo nimeweza kuandika sehemu kubwa ya historia hii. Kabureta ya jipu la pili ilitoka kwa kinyozi, aliyekuwa akiitumia kuzuia mlango, tangi la mafuta la jipu la tatu lilikuwa likitumika kunyweshea kuku, na usukani wa jipu la tano aliufuata kwa basi mwendo wa saa tisa, akarudi ameuvaa shingoni kwa sababu kondakta alikataa kuuweka juu. Alipenda kusema kwamba yale kumi na matatu ndiyo yaliyomtuma maishani, kwani kila kipuri alichokuja kukitafuta baadaye kwa taabu alikumbuka kwamba alishawahi kukikata kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa na taratibu mbili ambazo hakuna aliyezivunja bandani kwake. Ya kwanza, hakupaka gari rangi kabla halijatembea lenyewe, akisema huwezi kumvisha bibi harusi ambaye hajakubali posa. Ya pili inahusu kifuniko cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Kinashikwa na nati kumi na tano, nazo hukazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko mitatu, kila mzunguko mkazo ukiongezwa, na yeye alitaka watu wawili, mmoja akisoma namba ya nati kutoka kwenye mchoro, mwingine akikaza na kujibu "tayari." Ukianza huachi. Alituambia kwamba kifuniko kilichoachwa nusu hupinda, na kikipinda umeharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena popote, kwa hiyo mlango ukigongwa anayegonga asubiri, na chakula kikiiva kipoe. Tangu nikiwa darasa la sita msomaji wa namba nilikuwa mimi.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu Jumamosi tarehe 17 Julai 1982. Mama alikuwa karani katika duka la vipuri, na marehemu alikwenda hapo mara nne katika wiki moja kuulizia gasketi ileile, mara ya nne Mama akamuuliza, "Kwani kaka, hiyo gasketi unaila?" naye akasema ukweli wake, kwamba gasketi alikwisha kuipata kwingine tangu Jumatatu. Siku ya arusi jipu la kwanza lilizimika kwenye mzunguko wa barabara, bibi harusi akashuka na kusukuma pamoja na mashahidi, na picha hiyo iko sebuleni, anayetaka kuiona aione. Majirani walimtania Mama miaka yote kwamba mume mwenye majipu saba apelekwe hospitali, si gereji, na Mama aliwajibu kwamba hayo hayatumbuliwi, amejaribu.

Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu aliyezaliwa tarehe 23 Februari 1984, dada yetu aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 1987, na mimi kitindamimba niliyezaliwa tarehe 6 Mei 1998, tarehe ambayo pia imeandikwa kwenye gia boksi ya jipu la nne, kwa kuwa vyote viwili vilifika nyumbani siku hiyo. Ameacha pia wajukuu wanne.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Machi 2016 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akaanzishiwa dawa, nazo alizimeza kila siku saa moja asubuhi. Alhamisi tarehe 18 Januari mwaka huu nilimsindikiza kliniki, na daktari alitutajia dalili ambazo tukiziona tusingoje hata dakika moja, maumivu ya kifua, jasho, na uzito katika mkono wa kushoto. Niliziandika kwenye daftari langu na kuzipigia mstari.

Sasa narudi kwenye ile Jumamosi. Tulianza kukaza kifuniko cha injini ya jipu la saba saa nne kamili. Mzunguko wa kwanza uliisha vizuri. Katika mzunguko wa pili, baada ya nati ya nane, saa nne na dakika ishirini, hakujibu "tayari." Niliinua macho kutoka kwenye mchoro, nikaona ameiweka spana juu ya madigadi ya gari, anaufungua na kuufunga mkono wake wa kushoto. Akaniambia, "Mwanangu, mkono huu umekuwa mzito. Acha nikae kidogo." Mimi nikamwambia, "Baba, huachi katikati. Zimebaki ishirini na mbili."

Nilisema hivyo. Sikusema kwa kutania, niliangalia mchoro, nikahesabu, nikasema. Yeye alicheka, akasema, "Haya mwalimu, umenishika kwa maneno yangu mwenyewe," akachukua spana, nami nikasoma namba tisa. Tulikaza zote ishirini na mbili. Alijibu "tayari" kila mara, ila kuanzia mzunguko wa tatu sauti ilikuwa imeshuka, na jasho lilikuwa likidondoka juu ya injini, analifuta kwa kitambaa ili lisilete kutu. Nati ya mwisho ilikazwa saa nne na dakika thelathini na tisa. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni kama kawaida yake, akakaa juu ya sanduku la spana, akasema, "Sasa nipeleke."

Jirani yetu dereva wa teksi alitufikisha hospitali saa tano na dakika tano. Madaktari walimhudumia kwa saa tano na zaidi. Alifariki siku hiyohiyo, saa kumi na dakika hamsini jioni, kwa mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi minne na siku saba. Nilimuuliza daktari kama zile dakika kumi na tisa zingebadilisha chochote. Alivua miwani, akaniambia, "Dada, sijui. Na yeyote atakayekwambia anajua, anakudanganya." Nimeandika jibu lake kama alivyolisema. Wengine wameniuliza kwa nini silii, na hilo nalo sijui, nasikia masikio yameziba kama mtu aliyeshuka mlimani kwa gari.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa zamu ya Jumamosi, hasa muuguzi aliyemshika Mama mkono bila kuombwa, namshukuru jirani dereva wa teksi ambaye amekataa nauli na kutishia kugombana nasi, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa karakana mliochimba, mliofunga turubai na mlioleta viti, na mafundi na wapenzi wa magari ya kale mliosafiri kutoka mbali. Kuna walioniuliza pembeni kuhusu jipu la saba. Liko bandani, injini imefungwa, halina rejeta na halijatembea, na familia haijaamua lolote, kwa hiyo naomba tusiulizwe leo.

Limebaki jambo moja. Jumamosi ile jioni ndugu waliniomba niandike historia hii kwa kuwa mimi ndiye mwenye tarehe zote, baba mdogo ndiye angeisoma, na nikaiandika. Katika sehemu ya ugonjwa niliandika kwamba marehemu aliugua ghafla saa nne na dakika thelathini na tisa, akakimbizwa hospitali mara moja. Kila neno lilikaa vizuri. Nilimpa baba mdogo karatasi, akaisoma, akasema imetimia, akaikunja na kuitia mfukoni.

Asubuhi ya kesho yake, Jumapili tarehe 10 Machi, saa kumi na mbili na nusu, nilimkuta Mama chumbani akipiga pasi shati ambalo marehemu amevikwa leo. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, mkono, nati ya nane, ishirini na mbili, na saa niliyoibadilisha. Alipiga pasi kola, akaigeuza, akaipiga upande wa pili. Kisha akasema, "Mimi nimemwambia huyu mtu akae kwa miaka arobaini na mmoja, hajawahi kukaa. Wewe ulimwambia aendelee akaendelea. Sasa nimlaumu nani kati yenu?" Nikamwambia anilaumu mimi. Akaichomoa pasi ukutani, akasema, "Nitakulaumu, mwanangu, nikipata nguvu. Leo sina. Ila jina la mume wangu lisizikwe na saa ya uongo."

Nilitoka nikavuka ua hadi alipokaa baba mdogo, nikamwomba ile karatasi, nikaichana mbele yake, nikamwambia nitaandika nyingine, na kwamba hiyo nitaisoma mimi.

Baba, upumzike.