Barua Iliyopitishwa Kituo

Kwenye jipni, basi dogo la abiria, mjini Iloilo, Ufilipino, mwalimu kijana, Dalisay, aliyeketi mbele yangu, alikuwa anaenda ofisi ya elimu kurudisha barua ya kuteuliwa kwake kuwa mwalimu mkuu. "Naogopa, Madam Perlita. Walimu wote wa shule ile wamenizidi umri."

"Hata mimi walinizidi!" Madam Perlita, mkuu wa shule jirani, nusura aruke kitini. "Siku ya kwanza nilipandisha bendera juu chini, nyekundu juu ya buluu, ishara yetu ya vita, kama tumetangaza vita! Madam Nenita, mkuu aliyenitangulia, akawa ananipigia simu kila jioni kunielekeza, mwaka mzima. Sasa ni zamu yangu, nitakupigia wewe!"

"Lakini..."

"Lakini nini, mwanangu? Jumatatu utavaa nini?"

Wakabishana kwa vicheko, ofisi ya elimu tukaipita. Niliiona, na ningeweza kugonga dari dereva asimame. Sikugonga. Binti yangu anasoma shule ile ile aliyopewa Dalisay, isiyo na mkuu. Jipni iliposimama, tulikuwa langoni mwa shule hiyo.