Shock Mpya za Kumbeba Mama Mkwe

Benchi letu liko nyuma ya Adams Arcade, pale njia ya kuingia mtaa wa Jamhuri inapoanza kuharibika. Zamani lilikuwa la kanisani. Mguu mmoja ukakatika, sisi tukaweka jiwe. Upande mmoja ni meza yangu ya kukata funguo, upande wa pili ni Kaloki fundi wa pikipiki na spana zake, na katikati ni Musili na birika la kahawa ya tangawizi. Tunaokaa hapa ni watu wenye kazi zetu, si wavivu kama anavyosema mke wangu. Lenox tunamwita Injinia kwa sababu ni mlinzi wa jengo linalojengwa hapo ng'ambo, na kwa maoni yake anayelinda nyumba anaijua kuliko anayeijenga. Mwau ni Kamusi. Alistaafu ukarani akabaki na methali nyingi, ila hajui zinaingilia wapi. Jumatatu ya juzi sote tulikuwepo, kahawa mkononi, Kivuva alipoingia na katoni.

Kivuva ni tarishi wa ofisi moja huko tao, katikati ya jiji. Tunamwita Katibu kwa vile akipigiwa simu, hata akiwa chooni, hujibu "ofisini hapa". Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa. Alikuja na pikipiki yake ya zamani, ile ya barabara, yenye tangi refu na kiti kirefu. Aliinunua kwa mzee mmoja wa Loresho ambaye daktari alimkataza kuipanda kwa ajili ya mgongo. Katibu husimulia habari hiyo kama sifa ya pikipiki, na hakuna aliyewahi kumkatiza.

— Niaje wazee, akasema. — Zimefika.

Akafungua katoni juu ya benchi. Ndani mlikuwa na shock mbili za nyuma, mpya, springi nene nyekundu. Kwa asiyejua, shock ndizo zinazobeba uzito kule nyuma: springi inapokea kishindo, na mafuta yaliyo ndani yanaituliza isirukeruke. Zile za zamani zilikuwa zimekufa. Ukipita kwenye tuta na abiria ulisikia chuma kikigonga chuma, halafu abiria akasema neno lisilosemwa mbele ya watoto.

— Kaloki, fanya uziweke leo, Katibu akasema. — Kesho mathe anaingia na basi ya asubuhi.

— Mathe yako? nikamuuliza.

— Mathe ya Ndanu.

Ndanu ni mkewe. Kaloki akaacha kufuta mikono. Sote tulijua kidogo kuhusu mama mkwe wa Katibu, lakini siku hiyo alitueleza yote.

— Daktari amesema afanyiwe mazoezi ya mgongo kila Jumanne, hapo hospitali ya juu, mpaka mwaka iishe. Na asirushwe-rushwe. Taxi ya kila wiki siwezi, mnajua mshahara yangu. Mwaka jana alienda peke yake na matatu, mimi niko job. Akarudi amekunjika hivi. Hakusema kitu. Lakini Krismasi, tukiwa kwao Mwala, alisimama akashukuru kila mtu alimsaidia. Alishukuru hata jirani alimshikia mbuzi. Mimi nimekaa hapo mbele na suti. Hakunitaja.

— Labda alisahau, nikasema.

— Hakusahau. Aliniangalia, akaniruka, akaenda kwa wa mbuzi.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye hucheka msibani, niliangalia kikombe changu. Mtu mzima kuzidiwa na mshika mbuzi mbele ya shemeji zake, hilo linauma.

— So mwaka huu ni mimi, Katibu akasema. — Mimi mwenyewe, na nduthi yangu. Na asisikie bumps hata moja.

Kaloki akainua pikipiki kwa stendi ya katikati, akaanza kufungua bolti. Benchi nalo likaanza kazi yake.

— Shock za nyuma peke yake ni bure, Injinia akasema. — Nyuma ikiwa fiti na mbele imechoka, kila ukishika breki inapiga magoti kama imeokoka. Lazima uweke mafuta nzito kwa fork, zile chuma mbili zinashika gurudumu ya mbele.

— Mafuta ya mbele nilibadilisha wiki iliyopita, Kaloki akasema.

— Uliweka gani?

— Ya fork.

— Ungeweka ya gia ya lori.

— Injinia, hiyo fork haitasonga kabisa.

— Si ndio tunataka? Kitu haisongi haiumizi mtu.

Kamusi alikuwa ameokota shock moja ya zamani na kuipakata. Tone la mafuta likamwangukia suruali. Akalitazama kwa huzuni.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema.

— Hiyo inaingilia wapi sasa?

— Mafuta ilitoka haba na haba.

— Na ikajaza nini?

— Suruali.

Musili akazunguka na birika. Injinia akapokea kikombe cha pili, na mtu huyo akipata kikombe cha pili huwa amepandishwa cheo.

— Mnajua shida si shock. Shida ni bumps. Hizi bumps huwekwa na nani? Unalala barabara iko sawa, unaamka kuna mpya. Mimi nalinda usiku, nimeangalia.

— Umeona nini?

— Sijaona kitu. Hiyo ndio inanitisha.

— Ni wenye kuuza shock, Kamusi akasema. — Wanakuja na lami kwa ndoo.

— Na wenye kuuza shock wanatumwa na nani?

— Wenye kuuza dawa ya mgongo.

— Na hao?

Kamusi akainua kikombe kitupu.

— Musili, hebu ongeza kahawa, akasema.

Katibu hakuwa anasikiliza. Alikuwa amechuchumaa karibu na Kaloki, akimpa nati moja moja, kila moja akiifuta kwanza kwa leso yake ya mfukoni. Nilimwonea huruma, na nikawakasirikia kidogo wale wawili, ingawa ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa nimeshawazia kushauri springi za kitanda.

— Nisikizeni, Injinia akasema. — Lori tupu inarukaruka. Lori imejaa inatulia. Ni kweli ama si kweli?

— Ni kweli.

— Basi mathe asipande akiwa tupu. Asubuhi apewe ugali na maharagwe, sahani mbili. Hiyo uzito itakalia shock vizuri.

— Mgonjwa? Asubuhi yote hiyo?

— Unataka apone ama unataka ale mkate?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Kamusi akaongeza.

— Kamusi! Mathe ni mgonjwa wa mgongo!

— Ndio nasema asiiname.

Kaloki akapiga mluzi tukanyamaza. Shock zilikuwa zimekaa, nyekundu, zimefanya ile pikipiki ionekane kama mzee wa watu aliyevaa soksi mpya. Kaloki akashika ile ringi iliyo chini ya springi.

— Hapa ndio nakaza ama nalegeza, kulingana na mtu anakaa nyuma. Mathe ana kilo ngapi?

Katibu akatazama kushoto na kulia kana kwamba kuna mtu wa ukoo aliyejificha nyuma ya birika.

— Hiyo siwezi kumuuliza.

— Uliza Ndanu.

— Ndanu pia siwezi. Wewe unataka nilale wapi?

— Sasa nitakaza na nini?

Katibu akatupima mmoja mmoja kwa macho. Kamusi alikuwa mwembamba mno. Mimi nilivuta tumbo ndani. Macho yakatua kwa Injinia.

— Mwili ni kama huyu, akasema polepole. — Lakini yeye ni mpole.

Injinia alifurahi kuliko ilivyofaa. Kaloki akazungusha ringi mara kadhaa, akambonyeza Injinia kitini, akazungusha tena. Halafu Katibu akapanda mbele, akawasha. Injinia hakutaka kuacha kahawa yake, na hapo ndipo wazo lilipomjia, la pekee la maana alilopata mwaka huu.

— Naenda nayo, akasema, akiinua kikombe kilichojaa. — Ikimwagika, shock ni mbaya. Isipomwagika, mathe atafika.

Wakaondoka. Walipita matuta yote mawili ya kuelekea Ngong Road, wakageuka, wakarudi. Tulisimama barabarani kama watu wanaongojea msafara. Tuta la kwanza, Katibu hakupunguza mwendo hata kidogo. Pikipiki ilipanda, ikashuka, ikatulia, bila ule mlio wa chuma. Tuta la pili, hivyo hivyo. Injinia alikuja ameinua kikombe juu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto amemkumbatia Katibu tumboni, shavu liko karibu na bega. Wakasimama mbele ya benchi. Tukakichungulia kikombe. Kahawa ilikuwepo, imepungua labda kidogo pembeni.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa! Kamusi akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, methali ikaingia mahali pake.

Kaloki akapewa mkono na kila mtu. Katibu alizima injini akabaki amekaa pale pale, anatabasamu peke yake. Sijamwona na uso ule hata siku mtoto wake alipopita mtihani.

— Atafika, akasema. — Wazee, mathe atafika akiwa amekaa wima.

Kwenye meza yangu alikuwa amesimama msichana mpya wa duka la dawa lililo mkabala nasi, Mercyline, amekuja kuchongewa ufunguo wa dukani. Alikuwa na siku chache tu hapa na hakuwa amesema lolote. Musili alikuwa amempa kahawa, naye alikuwa anaipuliza. Sisi tulikuwa tumetazama kikombe cha Injinia. Yeye alikuwa ametazama mkono wa pili wa Injinia, ambao bado ulikuwa tumboni kwa Katibu.

— Samahani, akasema. — Huyo mama ni mama ya bibi yako?

— Eeh.

— Sasa yeye atajishika wapi?

Injinia akatoa mkono wake haraka, kama aliyegusa sufuria.

— Si nyuma kuna kile chuma cha abiria, nikasema.

— Kilikuwa, Kaloki akasema. Alikuwa ameangalia chini. — Hizi shock bolti zake za juu ni nene. Chuma haiingii tena. Ukitaka chuma, narudisha shock za zamani.

Hapo tukaelewa tulichokuwa tumefanya asubuhi nzima. Sisi Wakamba mama mkwe ni nthoni: humshiki mkono, hukai naye kiti kimoja, na mkikutana njiani mmoja wenu huona kitu cha kuangalia kichakani. Ndiyo, tumeokoka, na mchungaji wetu alishasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Lakini mama mkwe wa mchungaji alipomtembelea, nilimwona kwa macho yangu mchungaji akitoroka kwa mlango wa jikoni.

— Kwetu ni mbaya zaidi, akasema Injinia, ambaye si Mkamba. — Kwetu hata kula mezani moja hapana.

— Ashike bega, nikajaribu.

— Bega ni yangu, Katibu akasema.

— Ashike koti.

— Koti iko na mimi ndani.

— Muweke gunia ya unga katikati, Injinia akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Kamusi akasema.

— Kamusi, tafadhali.

— Ama mimi nimpeleke, Injinia akasema. — Mimi si mkwe wake. Na shock zimekazwa na uzito yangu.

Katibu akatikisa kichwa.

— Halafu Krismasi atakushukuru wewe, akasema.

Injinia akashuka kitini. Mercyline akaona ameharibu kitu, akaweka kikombe mezani.

— Pole, mimi niliuliza tu, akasema. Nikampa ufunguo wake, akavuka barabara.

Musili akainamisha birika juu ya kikombe changu. Yakatoka majimaji ya tangawizi na masimbi ya kahawa, basi. Kamusi alifungua mdomo, tukamgeukia, akaufunga. Kaloki alikuwa ameshika spana, hajui akaze au afungue.

Katibu akashuka. Nilidhani anaenda nyumbani. Badala yake alizunguka akapanda tena, lakini sasa kwenye kiti cha nyuma, mahali ambapo nadhani hakuwahi kukaa tangu ainunue. Akabonyea mara mbili. Pikipiki ikashuka taratibu, ikapanda taratibu, bila sauti. Akaweka mikono magotini. Akairudisha nyuma, ikapapasa pale chuma kilipokuwa, ikakosa. Akaileta mbele, ikafika katikati, mahali ambapo mgongo wa dereva ungekuwa, ikasimama hewani hapo.

— Huku nyuma ni poa sana, Kaloki, akasema. — Hausikii kitu.

— Nilikwambia, Kaloki akasema.

Katibu aliendelea kukaa pale, mikono hewani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aishushe.