Mama Felesita Kapalamula, Mcheza Perekani Aliyesomesha Madaktari wa Upasuaji

Mama Felesita Malunga Kapalamula alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Chindeka, wilaya ya Ntcheu, Malawi, mtoto wa nne wa Mzee Samsoni Malunga na Bi. Ndaziona. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipolia mara ya kwanza, mbuzi walikata kamba. Waliomsikia ukubwani hawakuona sababu ya kubisha.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1966. Alitaka uuguzi, na mtihani alifaulu, ila ada ilikwenda kwa kaka zake. Jambo hilo lilimuuma na hakulificha. Mwaka uliofuata alianza kuuza viazi Lizulu, kando ya barabara kuu, na sauti yake ilisimamisha mabasi ambayo hayakuwa na kituo pale. Sauti hiyohiyo ilimfanya mshereheshaji wa arusi Ntcheu nzima. Ikifika perekani, ile saa ya wageni kucheza huku wakiwamwagia maharusi pesa kikapuni, hata bahili aliyefuata ugali wa nsima na kuku tu alijikuta uwanjani, mifuko imetoboka.

Tarehe 2 Septemba 1972 aliolewa na Bwana Lameki Kapalamula, seremala, mtu mpole aliyekuwa akisema kwamba maneno ya nyumba ile mke anayatosheleza. Walijaliwa watoto watano. Kifungua mimba wao, Tiyamike, alishikwa na tumbo Novemba 2004. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na karibu hapakuwa na daktari wa upasuaji. Gari lililokuwa likimkimbiza Lilongwe lilifika Dedza amekwisha kukata roho. Baada ya hapo Mama Felesita hakushika kipaza sauti kwa karibu miaka mitano.

Alikishika tena aliposikia kwamba daktari kijana wa hapa kwetu, Yankho Ziyaya, amepata nafasi ya kusomea upasuaji Blantyre, lakini mfadhili wake amejitoa.

"Kumbe kinachokosekana ni pesa tu?" aliuliza. "Nimejaza vikapu vya arusi ngapi mimi, na nusu ya ndoa zenyewe zimeshavunjika!"

Tarehe 25 Julai 2009 akaitisha perekani bila arusi. Wapambaji, kwa mazoea yao, waliweka viti viwili jukwaani. Yankho akakaa kimoja, amevaa joho la kijani la chumba cha upasuaji, aibu imemjaa. Muziki umekolea, mara mlango ukasukumwa kwa kishindo. Alikuwa Mzee Sandifolo, mjomba wa mchumba wa Yankho, na ndiye nkhoswe aliyeudhamini uchumba huo. Alikuwa ameambiwa kijana anaoa kwingine.

"Bibi arusi yuko wapi nimwone? Mtoto wetu mmemwacha anatwanga mahindi, huku mnamwozesha mumewe?"

"Mjomba, karibu! Bibi arusi ni kisu," Mama Felesita akajibu kwenye kipaza sauti.

"Kisu gani? Usinifanye mtoto!"

"Cha kupasulia. Na hiyo ngiri inayokutembeza kama bata, unadhani ataikata nani? Cheza, Mjomba, unalipia tiba yako!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee alinuna, kisha akacheka, kisha akacheza mpaka kofia ikaanguka. Siku ile hakuna aliyetoa kumzidi.

Wapo waliosema kijana akiiva ataruka Ulaya. Mama aliitisha perekani kila mwaka wa masomo yake, akiwajibu, "Akiruka, nitamfuata hukohuko na kikapu changu." Januari 2015 Daktari Ziyaya alirudi Ntcheu, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Mzee Sandifolo. Furaha gani ile! Agosti 2018 Mama mwenyewe utumbo wake ulijisokota. Watoto walitaka apelekwe Lilongwe. "Nimemchezea huyu mpaka visigino vikapasuka, leo mnipeleke kwa daktari wa watu?" Alipasuliwa hapahapa, akapona, na miaka aliyoongezewa akaitumia kumsomesha daktari wa pili.

Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, alipatwa na kiharusi. Perekani ya Daktari Tionge Bvalani, msichana wa kwanza kuchezewa, ilikuwa imepangwa Jumamosi, na ada isipolipwa Jumatatu nafasi yake inapewa mwingine. Kwa nusu ya mdomo, Mama alimwambia mwanawe Chifundo, "Hata nikifa. Asubuhi mnizike, jioni mcheze." Alifariki Ijumaa alfajiri.

Mila yetu haitaki ngoma kijijini penye msiba. Jana wazee walikaa, ubishi ukawaka, hadi chifu akasema, "Mila naijua. Lakini niambieni, ni lini mlimkataza Felesita jambo, likakatazika?"

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, madaktari wawili wa upasuaji, na mmoja aliye njiani.

Wapendwa, tukitoka makaburini tutanawa mikono, tutakula, na saa kumi tutaingia ukumbini. Daktari Tionge atakuwa ameshaketi. Mama Felesita, lala kwa amani. Sisi tunakwenda kucheza.