Paskali Mughwai, Aliyesimamia Ngoma ya Bustani

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 1958, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Paskali Mughwai, nyapara wa Bustani ya Mji wa Singida, atakabidhi majembe sita, keni nne za kumwagilia na ufunguo wa banda, kisha atastaafu. Atakuwa ametumika miaka ishirini na tisa na miezi minne. Katika muda wote huo alikosa kazi siku tisa tu: saba za homa na mbili za msiba wa baba yake.

Nimeombwa mimi, Idrissa Msengi, karani na mkalimani wa boma, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe ya kumwaga Jumamosi. Nimeandika mara tatu na kuchana mara mbili. Wasifu wa Bwana Paskali hauwezi kuelezwa vizuri bila kutaja siku moja ambayo mimi mwenyewe sikuwa mtu wa kusifiwa, na nimehangaika wiki nzima nikijiuliza kama niitaje. Nimeamua niitaje.

Bwana Paskali alizaliwa Mtinko. Alikuja mjini Machi 1929 akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, akaajiriwa kuchimba mashimo ya miti. Mijohoro yote iliyo kando ya barabara ya hospitali ni kazi ya mikono yake. Mwaka 1934 akapewa bustani, ambayo wakati huo ilikuwa changarawe na miiba tu, baina ya boma na hospitali, chini ya majabali. Wageni walimwuliza kwa nini ahangaike na kisima wakati ziwa liko pale mbele ya macho. Aliwapa kikombe waonje. Maji ya ziwa letu yana chumvi, na mchicha ukinyweshwa maji hayo haumalizi siku mbili.

Adui yake wa kwanza alikuwa upepo. Kila asiyeujua upepo wa Singida na amwulize kofia yake ya kwanza ya serikali ilikwenda wapi. Ilimtoka kichwani asubuhi ya Agosti, ikavuka uzio, ikaonekana mara ya mwisho ikielea ziwani. Alijenga ukuta wa mawe kuzunguka vitalu, jiwe moja moja, miaka miwili. Adui wa pili walikuwa mbuzi wa mwalimu mmoja jirani. Bwana Paskali aliwakamata, akawafunga kwenye nguzo ya bendera, akaja ofisini kuniomba niwaandikie mashtaka. Na mke wa afisa mmoja aliyezoea kukata mawaridi bila kuuliza aliambiwa kwa adabu kamili kwamba hata jirani mwema hubisha hodi. Tangu siku hiyo mama yule alibisha hodi kwenye lango la bustani, na akaendelea hivyo mpaka alipohama.

Mwaka 1944 wanawake wa mjini na wa Unyambwa waligawiwa vitalu thelathini na viwili upande wa chini wa bustani, walime mboga za kula na za kuipelekea hospitali. Bwana Paskali ndiye aliyewafundisha. Ili kila tuta lipate maji sawa, alitembea na keni akihesabu hatua kwa sauti, kwa Kinyaturu: hatua nne kumwaga, mbili kupumzika, kugeuka, nne tena. Wanawake walimfuata nyuma wakimcheka na kumwigiza. Siku moja Luciana Nkungu, mjane wa Unyambwa mwenye sauti ya kusikika mpaka kilimani, akaitikia hesabu ile kwa wimbo. Mwingine akapiga debe. Kabla ya msimu kwisha ilikuwa ngoma kamili: kuna mwendo wa kumwagilia, mwendo wa kupalilia umeinama, na mwendo wa kufukuza ndege ambao uliwavunja mbavu watazamaji. Ilichezwa nje, kwenye uwanja mbele ya vitalu, na watu wa mji wakaiita Ngoma ya Bustani. Bwana Paskali hakucheza hata mara moja. Alisema yeye ana miguu ya kazi.

Kisha ukaja mwaka 1949. Mvua zilikatika mapema, uwele ukakauka ukiwa haujafika magotini, na watu wakaanza kula mara moja kwa siku. Maji ya kisima yakapungua. Bwana Shauri wa wakati ule, yaani mkuu wa wilaya, ambaye alihama zamani na sina haja ya kumtaja jina, alitoa amri kwamba pampu ya kisima cha bustani ifungwe kwa kufuli, na maji yawe ya nyumba za maafisa, ya hospitali, na ya maua ya mbele ya boma. Vitalu vya wanawake visubiri mvua.

Aliyepewa kazi ya kumwagilia maua asubuhi na jioni alikuwa Bwana Paskali. Alipita na keni mbili mikononi mbele ya uzio, na nyuma ya uzio wanawake walisimama kimya karibu na matuta yaliyokuwa yakipasuka. Alikuwa na mama mzee na watoto watano Mtinko waliokuwa wakiishi kwa kazi yake hiyo. Alimwagilia. Luciana aliniambia baadaye kwamba siku hizo alipita bila kuwasalimu, naye ni mtu asiyempita hata mtoto bila salamu.

Wiki ya kwanza ya Oktoba tulipata habari kwamba Mkuu wa Jimbo anakuja kutoka Dodoma. Bwana Shauri akataka aonyeshwe Ngoma ya Bustani, maana sifa zake zilikuwa zimefika mbali. Kwa kuwa njaa ilikuwa imewafanya watu kuwa wakali wa maneno, alitaka mtu mmoja awe mdhamini: nyimbo ziwe za adabu, na likitokea la kutokea, ajibu yeye. Akachaguliwa Bwana Paskali, akasikilizishwa nyimbo zote. Zilikuwa za ndege na za mavuno. Akaweka sahihi mbele yangu.

Nilimwona akinyongea kadiri siku ilivyokaribia. Alhamisi alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi bila shida yoyote ya kueleza.

“Karani,” akasema hatimaye, “nikikaribia pale wanapofanyia mazoezi, Luciana ananyamaza.”

“Labda anakuonea haya.”

“Luciana?” Akanitazama kama nimesema ziwa limekauka. “Luciana haoni haya. Anaficha jambo.”

Nikamwambia kuna siku mbili bado, anaweza kuifuta ngoma akasema wachezaji wanaumwa. Akasema nusu yao kweli wanaumwa, wanaumwa njaa, na mtu aliyeambiwa asimwagilie akiambiwa tena asicheze atabaki na nini. Akaondoka. Ijumaa nilimwona akienda kuikagua kufuli ya pampu mara tatu, ingawa hakuna aliyeigusa.

Jumamosi tarehe 15 Oktoba, saa kumi jioni, viti vilipangwa uwanjani. Upepo ulikuwa mwingi na vumbi jekundu lilituingia mdomoni. Mkuu wa Jimbo alikaa katikati, Bwana Shauri kulia kwake, mimi nimesimama nyuma yao, na Bwana Paskali nyuma yangu, kofia mkononi. Nilisikia pumzi zake. Watu wa mji walijaa mpaka juu ya majabali.

Mwendo wa ndege ulipita vizuri, na mgeni akacheka. Mwendo wa kupalilia ukapita. Nikaanza kupumua. Hapo ndipo wanawake thelathini na wawili walipotoka nyuma ya ukuta na madebe kichwani kwa mwendo wa kumwagilia. Hatua nne, mbili, kugeuka. Waliinamisha madebe, na hayakutoa kitu. Katika mazoezi yote yalikuwa na maji kidogo, walau ya kuonekana. Sasa yalitoa vumbi, upepo ukalichukua na kulileta kwetu. Luciana akaimba kwa Kinyaturu, na wote wakaitikia:

“Maua yamelewa, mchicha una kiu. Debe langu jepesi, mbona shingo inauma?”

Hapakuwa na kicheko tena.

Mgeni akamwinamia Bwana Shauri, akamwuliza jambo. Bwana Shauri alijua Kiswahili lakini Kinyaturu hakukijua. Akanigeukia.

“Wanaimba nini hawa?”

Nilimfikiria Bwana Paskali, sahihi yake na watoto wake Mtinko. Nilijifikiria na mimi, sitaficha. Nikasema, “Wanaomba mvua, Bwana.”

Bwana Shauri akaitika kwa kichwa, na nikadhani tumepona. Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu, ya chini, lakini haikutetemeka.

“Samahani, Bwana. Karani ananionea huruma. Hawaombi mvua. Wanasema maua ya boma yamelewa maji na mchicha wao una kiu. Na ni kweli. Mimi ndiye ninayemwagilia.”

Uso wa Bwana Shauri uliiva. “Nani aliwaruhusu kuimba hivi?”

“Aliyeweka sahihi ni mimi, Bwana.”

Hakumtaja Luciana. Hakusema kwamba wimbo ulibadilishwa bila yeye kujua. Mkuu wa Jimbo akaniuliza mimi kwa Kiingereza kuna nini. Safari hii nilitafsiri yote, mpaka hilo la maua. Mgeni aliinuka, akaenda kwenye vitalu, akachoma ardhi kwa fimbo yake. Fimbo haikuingia. Akarudi, akapanda gari, msafara ukaondoka, na viti vikabaki uwanjani.

Siku kumi na tisa zilizofuata sitaki kuziona tena. Kila asubuhi, baada ya kumwagilia maua, Bwana Paskali alisimama mlangoni kwangu.

“Karani, kuna barua?”

“Hakuna, Mzee.”

Alikosha majembe yote. Alinisomesha orodha ya mbegu zilizomo bandani nami nikaiandika, ili atakayechukua nafasi yake asipotee. Alipungua mwili mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Luciana alikwenda kwake na wenzake wawili, wakampigia magoti, na Luciana akasema, “Paskali, tumekuponza.” Akawainua. Akawaambia, “Hamkuniponza. Nilikuwa nawapa mgongo, nanyi mkaniita.” Walimletea kibaba cha unga wa uwele. Akakikataa kwa ukali, kwa sababu alijua mwaka ule kilitoka kwenye vinywa vya watoto wao.

Barua kutoka Dodoma ilifika Alhamisi tarehe 3 Novemba. Ilikuwa karatasi mbili. Nilipotaka kumsomea ile nzuri kwanza, alinizuia: “Anza na mbaya.” Ile mbaya ilisema anapewa onyo, na anavuliwa unyapara kwa muda usiotajwa kwa kushindwa kusimamia ngoma. Aliisikiliza amesimama wima. Ile ya pili ilisema pampu ifunguliwe kwa ajili ya vitalu vya mboga kila siku kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na maua ya boma yapunguzwe nusu.

“Isome tena hiyo ya pampu,” akasema.

Nikaisoma tena. Akaomba mara ya tatu. Kisha akakaa kwenye lile benchi, akafunika uso kwa kofia, na mabega yake yakatikisika. Nilitoka nje nikamwacha peke yake. Saa kumi kamili alikuwa kwenye pampu, si nyapara tena, akishika mpini mwenyewe, na foleni ya madebe ilifika kwenye lango la hospitali.

Si vitalu vyote vilivyopona. Kati ya thelathini na viwili, kumi na kimoja vilichipua upya. Lakini kabla ya Krismasi wagonjwa walikula mchicha, na dresa wa wadi ya watoto anaweza kuwaeleza maana yake kuliko mimi. Unyapara alirudishiwa mwaka 1951, chini ya afisa mwingine. Baada ya hapo alipeleka mbegu za vitunguu na karoti Ilongero na Mtinko, akafundisha vikundi saba vya walimaji, na kuchimba kisima cha pili kilichoondoa ugomvi wa zamu.

Sasa anarudi kwao Mtinko, nasi tuna wasiwasi. Mrithi wake hajateuliwa. Mvua za mwaka huu hazikuwa nzuri. Yeye mwenyewe ameniambia hajui mtu anaamkaje asubuhi kama hana tuta linalomsubiri, na mkewe, Mama Felista, ameniambia kwa siri kwamba anaogopa mumewe atahamia kwenye mashamba ya majirani na kuwasahihisha.

Bwana Paskali, kwa niaba ya wafanyakazi wa boma, wa hospitali na wa mji, tunakushukuru kwa kila jiwe la ukuta ule na kwa kila hatua uliyohesabu. Wanawake wa vitalu hawakutaka nizisome shukrani zao; wamesema watazileta Mtinko wenyewe, kwa miguu ya ngoma.

Nami nina ya kwangu. Nimekuwa mkalimani miaka kumi na miwili. Tangu jioni ile sijatafsiri neno kinyume na lilivyosemwa, ingawa mara nyingi nimeogopa na mara nyingi nimetamani. Nenda salama, Mzee wangu. Mungu akupe mvua za wakati wake, afya ya kuzifaidi, na majirani wenye subira.