Ni Lile Lile: Maisha ya Mama Kornel

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padri, wazee wetu shikamooni, akina mama, majirani wa Ng'ambo na Gongoni, na ninyi watani zetu Wazaramo ambao tangu asubuhi mmelala ndani ya kaburi mkidai marehemu hazikwi mpaka mpewe jogoo, familia ya Lugembe inawapokea nyote, inawaomba mkae mlipopata kivuli, na imemteua Anselm Lugembe, shemeji wa marehemu, asome maisha ya Pelagia Nyamizi tangu kuzaliwa hadi kufariki, kwa sharti la kaka yake Bernardo kwamba asiparuke mahali ambapo watu wenye haya huparuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1912, enzi za Mjerumani, katika kijiji cha jirani na misheni ya Ndala, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Tobias na Mama Marcelina, na babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi, mtu aliyetembea njia ya misafara kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, akienda na pembe za ndovu begani na kurudi na majora ya kitambaa cheupe cha marekani, kwa hiyo sisi wakwe zake tulizoea kumtania kwamba ukoo wao ulibeba nguo za watu wengi kabla ya kupata za kwao.

Alianza shule ya misheni mwaka 1921 na kumaliza darasa la nne mwaka 1925, akajua kusoma, kuandika, hesabu na katekisimu, na pamoja na hayo akafundishwa sindano, na ilikuwa katika mwaka ule wa mwisho, gauni lake la shule lilipombana kwapani, wenzake wakisubiri kununuliwa mengine, yeye alilifumua pembeni, akatia vipande alivyokata kwenye pindo, akalivaa kesho yake likamkaa vizuri kuliko lilipokuwa jipya. Tangu siku hiyo, kama alivyosema mwenyewe mara nyingi, hakuona tena nguo kuwa kitu kilichokwisha.

Tarehe 22 Oktoba 1932, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu hapa Tabora na Bernardo Lugembe, ambaye wakati huo tayari alikuwa karani wa ghala la mizigo la reli, na kwa ajili ya arusi Bernardo alinunua katika duka la Bwana Yusufali kitambaa cha buluu, kizito, cha kukaa, ambacho fundi wa sokoni alikishona gauni, na hiyo ikawa mara ya kwanza na ya mwisho kwa fundi yeyote kuligusa vazi la Pelagia. Mungu aliwajalia watoto watatu, Kornel aliyezaliwa mwaka 1934, Marcelina mwaka 1937, na Tobias mwaka 1941, wote wako hapa mbele yenu.

Kwa upande wa kazi, desturi ni kutaja marehemu aliajiriwa wapi, basi Mama Kornel hakuajiriwa na mtu, alilima karanga na mihogo kule Itetemia, alilea, alipika, na mchana wa jua kali, vyombo vimekwisha oshwa, aliketi barazani na sindano yake akashona nguo zake mwenyewe, kwa raha yake tu, wala raha hiyo hakuiuza, na ukimpelekea kitambaa umwambie akushonee, alikukaribisha uji wa karanga na kukurudishia kitambaa chako. Mafundi cherehani walimpenda kwa hilo, walisema huyu mama akifungua duka sisi tutarudi kulima.

Lile gauni la arusi ndilo lililokuwa shamba lake la kweli. Pindo likichakaa alilipandisha, mikono ikiisha viwiko aliifanya mifupi, mwaka huu akitaka marinda mbele, mwaka ujao akiyataka nyuma, na kitambaa kilipochuja alilifumua lote, akageuza upande wa ndani ambao buluu yake ilikuwa bado imekolea, akaliunganisha upya kwa vipande vyeupe vya marekani alivyopewa na Bi Bilkis, mke wa Bwana Yusufali, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye siku zisizo na wateja alimwachia cherehani yake ya mkono katika ukumbi wa nyuma wa duka.

Na hapa, kwa kuwa marehemu alikuwa binadamu wala hakuwa malaika, isemwe wazi kwamba Mama Kornel alipenda kutazamwa. Jamani, alipenda. Kanisani aliingia wimbo umeshaanza, akapita katikati, akakaa mbele, na wanawake waliponong'ona kwamba ana sanduku zima la magauni, hakukubali wala hakukanusha, alitabasamu tu akaweka kola yake sawa. Nyumbani ndiko alikosema kweli, Bernardo alipomwuliza gauni hili limetoka wapi alimjibu, ni lile lile, na Bernardo, mtu aliyezoea kutazama magunia, alitazama marinda na kola mpya, akaona wazi kwamba si lile, akanyamaza, na kunyamaza kule kulikuja kuwaponza.

Mwaka 1944, wakati wa vita, nguo zilikuwa adimu hata watu wa vijijini walivaa magunia, na hapa mjini foleni ya kaniki ilipangwa kabla ya alfajiri. Mwishoni mwa mwezi wa Mei robota moja la nguo lilipotea kutoka ghala ambalo Bernardo alikuwa karani wake, na wiki hiyo hiyo, bombani, jirani mmoja akafungua kinywa. Jirani huyo ni Mama Flavia, huyo aliyekaa kando ya jeneza, na msemaji hamtaji kwa ubaya, yeye mwenyewe ameagiza atajwe, akasema asipotajwa atasimama ajitaje. Flavia alisema kwamba tangu Krismasi Mama Kornel amevaa magauni manne, la kola nyeupe, la marinda, la mikono ya puto na la mshipi mpana, nasi hata kanga ya kubebea mtoto hatuna. Alisema kwa kijicho cha kawaida cha jirani, akabeba ndoo yake akaenda zake, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na Jumatatu tarehe 5 Juni 1944 askari walikuja wakamchukua Bernardo.

Nyumba ilipekuliwa, wakakuta katika sanduku la bati gauni moja la buluu, kanga mbili za kazi, na furushi la vipande, wakamwuliza Mama Kornel magauni mengine ameyaficha kwa nani. Akasema hakuna mengine, ni hilo hilo, na askari wakacheka mpaka mmoja akaegemea mlango. Huko mahabusu nako mkaguzi alimwuliza Bernardo mke wako anapata wapi nguo, Bernardo akanyamaza, akaulizwa tena, akanyamaza, na kila mwenye akili akajua kwamba karani anayenyamaza ameiba.

Kumbe Bernardo alinyamaza kwa sababu nyingine. Alijua robota hakuligusa, alijua mshahara wake haununui magauni manne, kwa hiyo kwa hesabu zake za kikarani lilibaki jibu moja tu, kwamba yuko mwanamume mwingine anayemvika mke wake, na aliona ni heri afungwe yeye kwa wizi kuliko kulitamka jambo hilo mbele ya askari likasambaa mjini, watoto wake wakachekwa. Ndivyo alivyokaa mle ndani, hali wala halali vizuri, akimlinda mkewe na aibu ambayo haikuwapo.

Mama Kornel hakuyajua hayo, aliyajua mawili tu, kwamba mumewe atahukumiwa, na kwamba njia ya kumtoa ni kuwaonyesha wanawake wote wa mjini, wale wale aliowapita kifua mbele, kwamba miaka kumi na miwili amekuwa na gauni moja. Alikwenda kwa Bi Bilkis akalia, akasema kwamba wakishajua watamcheka mpaka kaburini, na Bi Bilkis, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimwekea mkasi mkononi akamwambia, "Mficha uchi hazai, Pelagia. Twende."

Ijumaa tarehe 9 Juni walifika wawili hao kituoni, na Mama Kornel alimwomba mkaguzi aite wanawake waliosema wameyaona magauni, akaitwa Flavia na wengine, mkeka ukatandikwa barazani, na Bernardo akaletwa akakalishwa chini pembeni, na askari mmoja akimsimamia. Mama Kornel akiwa amejifunga kanga alilitandaza gauni, akalifumua kola na mikono mbele ya macho yao, akatoa vipande kwenye furushi, akaanza kupiga bandi, ule ushonaji wa haraka wa kushikiza tu, na mwanzoni alijichoma sindano, kisha mikono ikazoea. Alipoliinua mara ya kwanza lilikuwa na kola nyeupe, na wanawake wakatazamana. Akalifumua tena, akakusanya marinda, akaliinua, na hapo Flavia, aliyeletwa kushuhudia wizi, akasimama akasema kwa sauti, "Mungu wangu, hilo ndilo la Pasaka."

Mkaguzi alilichukua gauni akalipeleka kwenye mwanga, akaona matundu ya sindano safu kwa safu na mistari ya mapindo ya zamani mmoja juu ya mwingine, akauliza maswali mawili matatu, akasema inatosha, asihangaike na la mikono ya puto. Wanawake wakacheka, na Mama Kornel, aliyekuwa ameinamisha kichwa akisubiri kicheko hicho kimmalize, alisikia kwamba hakina sumu ndani yake, ni kicheko cha watu waliotuliwa mzigo, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuchutama mkekani anauliza marinda yanashikizwaje bila kuvimba. Bernardo aliachiwa alasiri ile ile. Robota lenyewe lilionekana mwezi wa Agosti huko Mwanza, halijafunguliwa, lilikuwa limepakiwa kwenye behewa la Mwanza badala ya la Kigoma, basi.

Walipofika nyumbani Bernardo alikaa kitandani akamweleza mkewe yote aliyoyawaza mle mahabusu, hakuacha kitu. Mama Kornel alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Yaani ungefungwa kwa ajili ya mwanamume ambaye hayupo?" Bernardo akasema ndiyo. Naye akasema, "Na mimi niliyekuwapo, nikikuambia kila mara ni lile lile, hukunisikia?" Alikasirika, ndugu zangu, msidhani alicheka, alikasirika akaenda Ndala kwa mama yake akakaa huko mpaka karanga zikavunwa, na aliporudi alikuta Bernardo ameapa mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba jambo likimkaa moyoni ataliuliza kwa kinywa, na akijibiwa ataamini. Wapo hapa wanaoweza kushuhudia kwamba kuamini kulimchukua muda. Kuuliza alijifunza haraka, hata akawa msumbufu.

Aibu aliyoiogopa marehemu haikuja. Jumapili zilizofuata kurudi kwake wanawake walikuja barazani kwake na magauni yao yaliyochoka, Flavia wa kwanza, akiwa ameshika lake na machozi, na Mama Kornel alimsamehe siku hiyo hiyo ila hakumshonea, alimpa sindano akamwonyesha pa kufumulia, akasema kila mtu aujue mwili wake mwenyewe. Mkitazamana hapo mlipokaa, nguo nyingi mnazoziona zimepita katika somo lile, hata kanzu ya msomaji huyu, ambaye alifundishwa kwa kulazimishwa, na mkono wa kushoto bado umepinda.

Ugonjwa ulimwanza Novemba 1956 kwa maumivu ya tumbo, akatibiwa hapa mjini, akapata nafuu, ukarudi mwaka 1957 kwa nguvu, na tangu Februari mwaka huu hakuinuka kitandani, aliteseka sana, hatutaficha, ziko siku tulimwomba Mungu amchukue tukaona haya kwa kuomba hivyo. Aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Juni 1958, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, ametubu, amepakwa mafuta matakatifu, na maumivu yamemwacha siku mbili kabla, na sisi tunaolia leo tunalia huku tumeshusha pumzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Baba Padri aliyekuja kila alipoitwa, makarani wenzake Bernardo waliochukua zamu zake ghalani, nyumba ya Bwana Yusufali, na Bi Bilkis ambaye amefunga duka tangu Jumanne, majirani wote walioleta kuni, maji na unga, na kwa namna ya pekee Mama Flavia, aliyemwosha, aliyemlisha na kumgeuza kitandani miezi yote hii, na ambaye ndiye aliyemfumba macho.

La mwisho ametuomba Baba Kornel mwenyewe lisomwe. Asubuhi ya Jumanne alimwinamia mkewe akamwuliza, kama alivyoapa kuuliza, bado unaumia, naye akamjibu, "Siumii tena." Miaka ya nyuma angemtazama usoni, angehesabu, angebaki na shaka yake kimya. Safari hii alimwamini palepale, akaketi, akamshika mkono, na ndivyo alivyomwacha aende.

Pelagia Nyamizi, Mama Kornel, nenda salama, lala usingizi wa amani.