Mwanamke Aliyesema Mimi Si Mume Wake

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu! Mimi ni Erasto Wafula. Kuna wakati nilitaja jina langu hili kwa hofu, lakini leo nalitaja kwa furaha.

Wengi mnanijua, napakia mizigo hapa stesheni ya Nakuru. Kabla ya kupata kazi hii, nilikutana sokoni na mtu wa kwetu, mpole wa maneno. Akaniambia, "Ndugu, najua karani anayeandika wafanyakazi. Nipe kipande chako, hicho cheti chenye jina na namba yako, nimpelekee, wewe ningoje hapa." Nikampa. Nikangoja hadi soko likafungwa. Hakurudi!

Ofisini nilisema kimepotea tu, nikapewa kipande kingine chenye namba ileile, nikaajiriwa, nikasahau. Kumbe yule mtu alienda upande wa Gilgil, akaandikwa shambani kwa jina langu. Akaoa kwa jina langu. Halafu akavunja stoo ya mzungu, akaiba mashine za kukatia kondoo manyoya, akatoroka. Askari wakanikuta landhi, kwenye nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, nikinywa uji na watoto wangu. Wakanitia pingu.

Kituoni nilieleza mpaka sauti ikakauka. Inspekta akasema, "Jina ni lako, namba ni yako. Nimshike nani mwingine?" Mwenye shamba akanitazama mara moja tu, akasema ndiye.

Ndugu zangu, niliomba, "Bwana, hawa hawanijui. Wewe wanijua."

Asubuhi wakamleta mke wa yule Erasto mwingine, msichana mwenye mimba kubwa, anaitwa Tabitha. Askari akamwambia, "Mama, mume wako huyu hapa." Angenyamaza tu, mume wake angekuwa huru na mimi ningefungwa! Alinitazama kwa muda mrefu.

"Huyu si mume wangu," akasema. "Na kama huyu ndiye Erasto, basi mimi sijui nimeolewa na nani." Akaketi sakafuni, akalia.

Hapo ndipo inspekta akaagiza alama zangu za vidole zilinganishwe na zile alizoweka yule mtu alipoandikwa kazi. Hazikufanana hata kidogo. Wakanifungulia. Haleluya!

Tabitha alifukuzwa shambani. Mke wangu akasema, "Aje kwetu." Akajifungulia nyumbani mwetu.

Ndugu zangu, kipande kisitoke mkononi mwako kwa ahadi ya mtu njiani, hata kama anaongea lugha ya mama yako. Anayekuandika kazi, nenda ukamwone mwenyewe. Kikipotea, mwambie chifu siku hiyohiyo, na uende na shahidi.

Leo mtoto wa Tabitha anabatizwa. Mchungaji ameuliza aitwe mwana wa nani, maana jina la kweli la baba yake hakuna alijuaye. Mimi na mke wangu tumeongea, tukakubaliana: aitwe mwana wa Wafula. Mara hii jina halikuibwa, nimelitoa mwenyewe.

Namshukuru Mungu, na Tabitha namshukuru mbele yenu wote. Na wewe unayebebeshwa kosa la mwingine, usikate tamaa. Njoo mbele, tuombe pamoja. Mungu anakujua.