Ngozi ya Mjukuu Wangu Haikuchomwa

Ndugu zangu katika Bwana, walio mlangoni waingie au watoke, upepo wa huko nje ni baridi na mimi sina sauti ya kushindana nao. Mchungaji ameniomba niseme kwa upole. Nitajaribu.

Mnanijua. Shule niliiacha mapema nikaanza kubeba kabichi za watu kupeleka sokoni, nikaja kununua za kwangu, leo lori linalopakia mboga pale Mgwashi ni langu. Kwa hiyo liliniuma sana kuitwa mchoma watoto, tena na watu ninaokaa nao benchi moja humu ndani.

Mjukuu wangu alizaliwa na ngozi inayochunika. Nimeshalisema hili mpaka nimechoka. Ukimbeba kwa mbeleko, pale kitambaa kilipokaza panatoka lengelenge. Akitambaa, magoti yanakuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Kituo kimoja cha afya walimbandika plasta. Walipoibandua ikaja na ngozi yake. Wenye huruma wakaniletea mafuta ya kondoo. Wengine wakasema nifanye tambiko. Wengine wakauliza binti yangu alikula nini alipokuwa mjamzito. Nawaambia, ushauri nilipewa mwingi kuliko mbolea, na haukuotesha kitu.

Baba wa mtoto, mkwe wangu, ni kijana wa Rangwi. Mama yake alimtazama mtoto mara moja akasema kwao hakuna ngozi za namna ile. Basi binti yangu akarudi kwangu na mtoto mikononi, nikawapokea. Sasa baridi ya kwetu mnaijua, sote tunaota moto. Mtu mmoja akamwona mtoto karibu na jiko, akaona malengelenge, akajumlisha mwenyewe. Akaenda kwa afisa ustawi wa jamii kusema kwangu kuna mtoto anachomwa. Mtu huyo yumo humu. Simtaji. Na asiiname sasa hivi, atajulikana.

Afisa akaja, binti mdogo tu, akaniamkia vizuri, kisha akamfunua mtoto magoti. Nikafoka. Nikapiga meza, nikamwambia atoke kwangu. Hapo nikawa nimemsaidia kuamini. Akasema, tena kwa adabu, kwamba asipopata mtaalamu wa kumweleza vidonda vile vimetoka wapi, mtoto atachukuliwa apelekwe makao ya watoto huko mjini. Fikirini wenyewe. Mtoto ambaye hata kumvua sweta ni kazi ya polepole, aende kuogeshwa na watu wasiomjua.

Binti yangu akaacha kula. Mimi nikaacha kuja ibadani, maana kila nikiingia mazungumzo yenu yalikatika.

Mchungaji ndiye aliyetupeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa ngozi. Daktari huyo na wenzake wanachunguza watoto wanaozaliwa na ngozi dhaifu. Akaniambia anataka kipande kidogo cha ngozi ya mtoto, kuangalia jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimelala. Nikamwambia aseme Kiswahili. Akaniuliza, "Babu, umewahi kupanda karoti, mistari mingine ikaota, mmoja ukakaa kimya?" Nikasema ndiyo, sana. Akasema mwili ni vivyo hivyo, mbegu zote zimo, lakini katika ngozi ya mtoto huyu mstari wa kutengeneza gundi inayoshikanisha ngozi ya juu na ya chini huenda haukuota. Hakuna aliyemchoma. Hiyo nikaielewa kuliko yote niliyowahi kuambiwa na wasomi.

Lakini ili athibitishe kwamba amezaliwa nayo, alitaka kupima mama na baba pia. Na baba yuko Rangwi, kwa mama yake, na mama yake amekataa.

Nikamwambia daktari anikate mimi kwanza. Akasema si lazima, ila ngozi yangu itafaa kulinganishia. Akanitia ganzi, akachomoa kipande mkononi, karibu na bega.

Nikaenda Rangwi. Yule mama alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akasema anachokijua ni kwamba ngozi za watu zinauzwa.

"Ya mwanangu haiendi mjini," akasema.

Ndugu zangu, kwetu mtu na mama wa mkwe wake wanaheshimiana, hawavuliani nguo. Mimi nilikunja shati hadi begani mbele yake.

"Mama, tundu lenyewe hili. Funza wa utotoni walinitoboa zaidi ya hapa."

Akafunika mdomo kwa kanga. Alikuwa anacheka mpaka machozi, na mimi nimesimama pale bega nje kama mtu anayeuza nyama.

"Mzee, vaa shati," akasema. "Atakuja. Na mimi nitakuja."

Majibu yalikuja. Mstari ule kwa mtoto umelala kabisa. Kwa baba na mama umeota nusu nusu, ndiyo maana wao ni wazima. Mtoto amepokea nusu iliyolala kutoka kwa wote wawili. Yule mama wa Rangwi akasema, "Kumbe na sisi tumo." Siku hiyo hiyo akamwomba binti yangu arudi nyumbani. Daktari mwenyewe akampigia simu afisa, na habari ya makao ya watoto ikafa.

Dawa ya kuponya haipo, msinipongeze kwa uongo. Tunajua tu kumtunza: plasta marufuku, vitambaa laini, nguo zisizobana.

Namshukuru daktari. Namshukuru mchungaji, na mama wa Rangwi, aliyekubali kujua. Namshukuru hata yule afisa, ingawa alinitesa, kwa sababu yeye alikuja kuuliza mlangoni kwangu, na nyinyi mliuliza kisimani.

Ninachowaachia ni hiki. Mkiona mtoto ana kidonda msichokijua, ingieni ndani, salimieni, muulizeni mama yake jana mtoto alilalaje. Mkishajibiwa hilo, hamtakuwa na haja ya kuuliza nani kamchoma.

Nimemaliza. Mnaweza kuimba.